Pipi za Naelijwa zilizonipita

Leo nimemwonea wivu mtoto wa darasa la pili. Mimi, bibi mzima!

Nimempeleka mjukuu wangu shuleni hapa Same, nikamkuta binti mmoja anagawa pipi za bethidei yake. Darasa zima!

Wivu ukanipanda, jamani.

Enzi zetu kule Vudee, hata sukari ilikuwa ya foleni. Naelijwa, ambaye baba yake alikuwa akivuka mpaka kwenda Taveta, Kenya, ndiye pekee darasani aliyewahi kuleta pipi. Aliwagawia wote, mimi akaniruka. Kisa? Nilimshinda hesabu.

Yule binti akanifikia.

"Shikamoo, bibi. Na wewe chukua."

Nikachukua tatu.

"Bibi, ni moja moja!" mjukuu akang'aka.

Sikurudisha hata moja. Haya, nihukumuni.