Koti la Udi Shambani kwa Greg

Jamani, hili sikupanga kumsimulia mtu, maana hadi leo nikilikumbuka nafunika uso kwa mto hata nikiwa peke yangu, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa mke wangu, ambaye analitia chumvi.

Nilikuwa msaidizi wa fundi umeme, na bosi wangu Greg alikuwa na shamba kaskazini mwa mji wa Markham, huku ughaibuni. Si la mahindi. Alilitunza miaka na miaka ili kulungu wakubwa waje na wakae: kapanda majani laini wanayoyapenda, kaacha vichaka ambavyo hata yeye hakanyagi, na mitufaha aliyoipanda mama yake haikatwi ng'o. Jumamosi moja akanialika, kwa sababu kesho yake mama yake alikuwa anahamia nyumba ya wazee na alitamani kumwona dume mzee wa pale mara ya mwisho. Mgeni nilikuwa mimi tu.

Mke wangu akasema, "Huendi kwa watu na koti linanuka vitunguu." Akalifukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikalia (nadhani mtaa wetu mzima wa Agincourt ulinukia). Nami nikalivaa, tena kwa maringo.

Garini Greg akashusha vioo vyote, kwenye baridi ile, akawa ananieleza kwa upole kwamba kulungu akishazeeka haamini macho, anaamini pua, na kwamba yeye nguo za shambani huzifua kwa sabuni isiyo na harufu. Nikanyamaza, eti naona aibu, na tulipofika, wakati anamwingiza mama yake, aliyekuwa akitusubiri pale shambani, kwenye kibanda cha kujificha, nikalivua koti nikalitundika mbali nasi, mtini (ndiyo, kwenye mtufaha, ambako kulungu huja kula matunda, chekeni tu).

Dume akatokea. Mungu wangu, mapembe yale. Anapiga hatua, anasimama, anasikiliza. Yule bibi, mama wa Greg, macho yake yalishachoka, ilibidi mnyama afike karibu kabisa, basi akanishika mkono akanong'ona, "Yuko wapi?" Kabla sijajibu, dume akainua pua kuelekea koti langu, akapumua kwa kishindo, mkia mweupe ukasimama, akatoka mbio, na vichaka vyote vikatimka naye, kumbe humo walikuwamo wengine kibao.

Greg akatoka, akaliona koti. "Hili la nani?"

"Langu. Ni udi. Mke wangu..."

Akarudi kwa mama yake. "Alikuja, mama. Atarudi tu."

"Yeye atarudi," bibi akasema. "Mimi je?"

Tangu siku ile nimeapa, nikikosea nasema papo hapo, aibu au si aibu. Ningefungua mdomo garini, tungeliacha koti pembeni mwa barabara, na yule bibi angemwona kulungu wake.