Mfuko wa Gotini
Dobi yule hupapasa kila mfuko wa nguo kwa kiganja kwanza, kisha huingiza vidole na kuupindua nje, akiunong'oneza kama mtoto msumbufu, "Toa ulichoficha." Leo, mashine pekee inayofanya kazi dukani ilianza kugonga. Aliizima mara moja, lakini mlango haufunguki mpaka maji yaishe. Akasimama ametega sikio kwenye kioo.

"Labda ni kifungo, dada," akasema mwenye duka.

"Kifungo hakigongi hivyo."

Mlango ulipofyatuka, akachomoa msumari kwenye ovaroli la seremala. Pipa la ndani lilikwaruzika, lakini halikutoboka. Seremala alipofika na kuonyeshwa msumari, akaanza kuomba radhi. Dobi akamkatiza, macho chini.

"Nguo ikishafika kwangu, mfuko ni wangu. Huu wa gotini niliuruka."