Tabby na Meno ya Mkebeni

Tabby Nyawira wa Kamenu, mshonaji wa sare za shule, alikuwa mwoga wa kila kitu isipokuwa sindano. Na tangu awekewe yale meno matatu ya bandia, aliogopa yatamtoroka mbele za watu. Yalicheza akiongea, waya wake ukamchoma ufizi, mwishowe akaona heri yakae kwenye mkebe wa vifungo kando ya cherehani. Wateja walishazoea kumwona akiyarudisha kinywani ndipo awasalimu.

Jumatatu, Githae, fundi wa meno kule Ruiru, aliyasugua mahali palipochoma, akakaza waya, akamwambia kama anayesema na bibi yake:

"Cucu, ukisahau uko nayo, hapo nitajua nimeweza."

Kesho yake mchana Tabby aligeuka akaona mkebe umepinduka. Mjukuu wake Shiko, ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea, alikuwa ameketi katikati ya vifungo, anakohoa, mate yanamchuruzika. Tabby alipapasa sakafu, akapekua vitambaa. Meno wapi! Waya ule, kwenye kakoo kale!

"Ngai! Mtoto amemeza meno yangu!"

Akamnyakua, akatoka mbio miguu mitupu, akarukia bodaboda.

Hospitalini muuguzi aitwaye Nekesa alimpokea. "Meno gani, cucu? Hebu fungua mdomo."

Tabby akaufungua. Nekesa akachungulia, akashika kiuno. "Na haya ni nini?"

Tabby alipeleka kidole. Yalikuwa pale pale, yametulia, hayamuumi hata kidogo. Benchi zima likaangua kicheko. Alitamani ardhi ipasuke.

"Enda nyumbani upumzike, cucu," Nekesa alisema, akijipangusa machozi.

Alikuwa amefika mlangoni Shiko alipokohoa tena. Mate yalimlowesha Tabby bega. Mtoto hakuwa akimeza mate. Hofu ikamrudia, na safari hii hakujua anaogopa nini. Aligeuka, mbele ya wote waliomcheka.

"Sitoki hapa, sista. Mpigeni picha."

Nekesa alipoiona ile picha, kicheko kilimkauka. Kitu cha mviringo, cheupe pe, kilikuwa kimekwama kooni.

Daktari alikitoa: kifungo cha chuma, cha kaptula ya shule. Alisema kingeteleza kikaingia njia ya hewa, wasingemuwahi. Shiko alilia kwa sauti ya kuziba masikio, na Tabby hakuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Aliketi kwenye benchi akampakata. Hapo ndipo alipoanza kutetemeka, meno yakigongana, na hakuna hata moja lililochomoka.