Beseni la Buluu la Mama Katungu

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka nacheka hata nikiwa kanisani. Nilikuwa mwanafunzi hapa Butembo, nikimalizia utafiti wangu juu ya kile kijicho kilicho ndani ya kamera, kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Nilikuwa nimeifundisha kompyuta kumtazama samaki kwa kijicho hicho na kusema kama ni wa leo au ameharibika.

Samaki wazuri nilikuwa nimewapiga picha Kyavinyonge, kando ya ziwa, wakitolewa mtumbwini na kulazwa juu ya mbao. Wabovu niliwapiga sokoni Butembo, ndani ya mabeseni ya buluu. Nikajiona profesa tayari.

Siku tatu kabla ya kutetea kazi yangu mbele ya walimu, nikaipeleka kompyuta sokoni, kujionyesha tu. Nikaielekeza kamera kwenye beseni la Mama Katungu, mwuza samaki aliyekuwa na wateja wengi. Kompyuta ikasema wameharibika. Nami, kwa mdomo wangu usio na breki, nikatangaza. Wateja wakaondoka mmoja mmoja.

Mama Katungu hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Alimwinua samaki mmoja, akafunua shavu lake, ndani kukiwa kwekundu kabisa, dalili ya samaki wa leo. Akamlaza juu ya ubao wa jirani.

"Piga tena."

Kompyuta ikasema: samaki wa leo. Akaleta mwingine, aliyeoza hata nzi walimfuata, akamlaza palepale. Kompyuta ikasema: samaki wa leo. Soko zima likaangua kicheko.

"Mutoto yangu," akasema, "mashini yako hapana angalia samaki. Inaangalia basani, hii beseni ya buluu! Ulinichafulia jina mbele ya batu, donc basi utaomba pardon mbele ya batu. Na hii samaki utauzisha weye, mpaka iishe."

Nikaomba radhi, nikiwa na aibu hadi masikioni. Kisha nikanadi samaki mpaka sauti ikakauka. Waliisha upesi, maana watu walinunua ili wapate kunicheka kwa karibu.

Niliomba siku ya kutetea isogezwe. Nikaanza upya, kamera ikitazama mashavu ya samaki, wazuri kwa wabovu, juu ya mbao na ndani ya mabeseni vilevile, Mama Katungu akinionyesha. Siku ya kutetea, mwalimu mmoja aliuliza nani alinifundisha kutazama mashavu. Nikamwonyesha Mama Katungu, aliyeketi kiti cha mbele. Akasimama na kitenge chake kipya, akapunga mkono kama mheshimiwa.

Sasa wewe, mwanangu, kesho unaenda Masereka kupiga picha majani ya viazi. Yaliyo mazima na yenye ugonjwa yapige katika shamba lilelile, kwenye ukungu na kwenye jua. Kabla hujamwambia mwenye shamba kwamba viazi vyake vinaumwa, muulize yeye huutambua ugonjwa kwa kutazama wapi. Na ukikosea kwa sauti kubwa, omba radhi kwa sauti hiyohiyo.

Mungu akulinde njiani, ayape macho yako subira. Urudi salama, na gunia la viazi sitalikataa.