Visigino vya Joash Ajwang

Saa moja asubuhi, Joash Ajwang anauteremka mlima wa Valley Road kuelekea mjini. Mkokoteni wake umebeba kabati la nguo, vitanda viwili na magodoro. Hapa haukokoti tena, wenyewe ndio unaomsukuma. Anauegemea kwa mgongo, anainua ncha za miguu na kukaza visigino kwenye lami. Akala zake, viatu vya tairi, zinalia mpaka chini.

"Miaka tisa, sijavunja hata kikombe ya mtu," anasema, akihema na kucheka.

Visigino hivyo hivyo vimemwangusha mara tatu katika mtihani wa udereva.

Joash, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alikuja Nairobi kutoka Nyakach mwaka 1948 akitaka kuendesha lori, akaangukia mkokoteni. Kila Jumapili baada ya kanisa humwoshea lori dereva mmoja aitwaye Mwololo, naye Mwololo humfundisha kwenye uwanja ulio kando ya Ngong Road.

"Kwa tambarare huyu ni dereva kamili," asema Mwololo. "Mpe mlima, atapanda. Shida yake ni kushuka."

Akianza kushuka tu, Joash husahau breki. Hulala nyuma kwenye kiti, akainua vidole na kusukuma sakafu kwa visigino, kana kwamba lori zima limo mgongoni mwake. Mtihani wa kwanza uliishia katikati ya maua ya watu.

"Mzungu wa mtihani alishika mlango akapiga kelele, 'Breki! Wapi breki?' Na mimi nasukuma tu, najiuliza mbona hii kitu haisimami."

Mara ya tatu ilikuwa mwezi uliopita. Hakucheka siku hiyo. Aliona haya hata kumtazama mkewe.

Haikupita wiki mbili, shemeji yake Tobias, mpishi katika nyumba moja ya Lavington, akaleta habari njema. Tajiri wake alitaka mtu wa bustani, kwa shilingi themanini kwa mwezi, chumba na posho. Kazi ingeanza Jumatatu ijayo. Mtihani wa nne ni Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, na mgeni kazini haombi ruhusa.

"Shemeji, miguu yako imekataa lori," Tobias alimwambia. "Bustani haina mteremko."

Katika chumba chao cha kupanga Kibera, Joash na mkewe Peres walijadiliana siku mbili. Peres hafichi kitu.

"Nilitaka ile chumba. Hii yetu inavuja. Lakini nikamwona anakunja ile shati yake ya mtihani, anaiweka chini kabisa ya sanduku, nikashikwa na uchungu. Nikamwambia, 'Baba Milcah, kama ni miguu, tuifundishe.'"

Aliweka tofali chini ya meza. Tangu siku hiyo, awe anasonga ugali au anagombeza watoto, Peres hupaza sauti ghafla, "Mteremko!" Joash, aliye kwenye kigoda, lazima akanyage tofali kwa vidole vya mguu wa kulia, kama breki, kisigino kikiwa chini. Akiinua vidole, sahani inangoja.

"Juzi alikula ikiwa baridi," asema Peres.

Lakini Mwololo alimwonya kwamba jioni haiwezi kufuta yale ambayo miguu inajifunza mchana kutwa. Kwa hiyo mzigo huu wa leo ndio wa mwisho. Mkokoteni anamkodishia rafiki yake Oloo, na nyumbani watabana matumizi. Kazi ya Lavington imepata mtu mwingine.

"Tobias amekasirika, na mimi naogopa," Joash asema. "Nikianguka tena sina bustani, sina lori. Lakini nikienda kukata nyasi, kila lori ikipita nitainua kichwa. Hapana. Mimi Alhamisi naenda."

Akifaulu, tajiri wa Mwololo ameahidi kumjaribu kwenye lori la pili.

Mzigo ukishashushwa, anaketi ukingoni mwa barabara na kuvua akala. Visigino vya akala hizo vimelika mpaka vimebaki vyembamba kama ngozi. Kwenye mfuko wake anatoa jozi nyingine, ile ya kuvaa nyumbani, na kuigeuza.

Visigino vya jozi hii ni vizima. Sehemu ya mbele ya akala ya kulia ina alama nyekundu ya tofali.

"Umeona?" anasema, akiipitishia kidole. "Huyu mguu mmoja ameanza kusikia."