Nilimwacha Mchumba kwa Sababu ya Boti ya Babu

Admin, jina langu lifiche vizuri, dada zangu wote wako humu na wana midomo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkenya niliyekulia Kampala. Wazazi walihamia huku kufanya biashara vita vya hapa Uganda vilipotulia. Nina duka la kuchapisha pale Wandegeya. Sijaolewa, na wiki hii ndiyo nimejua kwa nini.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mchumba, nimwite F. Kwao na kwa babu yangu mzaa mama ni kijiji kimoja cha wavuvi, huko ziwani upande wa Kenya. Nilimpeleka kwa mama, huko Ntinda, akanywa chai, akataja jina la babu yake. Mama akaanza kukusanya vikombe. F alipoondoka, mama akaniambia, "Babu yake alikuwa kibarua kwenye boti ya baba yangu. Nimpe binti yangu? Labda nikiwa nimekufa!" Nilibishana naye wiki nzima, nikashindwa. Nikaenda kumwambia F maneno hayo hayo, tena kwa kiburi. Alijibu tu, "Sawa, nimesikia."

Sasa Jumamosi hii tuna ibada ya kumkumbuka babu, na kijitabu nachapisha mimi. Nilitaka jina la boti yake likae kwenye jalada, kwa maana kwetu boti hupewa jina kama mtoto. Kila nikimuuliza mama, anakuwa mkali. "Andika mwenye boti, inatosha!" Jamani, mtoto wa mwenye boti hajui jina la boti?

Mama mwenyewe ndiye aliyenituma mtaa wa Namuwongo kwa nyanya yake F, mjane wa yule babu, ambaye siku hizi hukaanga samaki karibu na reli, nikaagize samaki wa ibada. Nilienda na aibu yangu. Nikaona nimuulize yeye jina la boti.

Aligeuza samaki kwanza. "Boti gani ya babu yako? Boti ilikuwa ya mume wangu."

Nikaanza kubisha, akanikatiza. "Mwanangu, kwetu mwenye boti akifa, boti nayo inafiwa. Inavutwa nchi kavu, haiguswi mpaka matanga yaishe. Ya mume wangu ilikaa juu mpaka mbao zikapasuka. Lakini babu yako alipofariki, kabla ya mume wangu, boti hiyo hiyo iliingia majini kesho yake asubuhi kama kawaida. Samaki wa matanga yake walitoka humo humo. Nilikaanga mimi, mama yako akawagawia wageni."

Nikamuuliza mbona walinyamaza miaka yote. Akasema, "Babu yako alikuwa mtu mzuri, alivua na mume wangu mpaka mwisho. Nimwaibishe marehemu ili nipate nini?"

"Na F anajua?"

"Tangu utoto. Siku ulipomtukana alikuja hapa, akala, akasema, 'Nyanya, mwache tu, hajui.'"

Haki ya Mungu, nililia mbele ya wateja.

Nilirudi Ntinda nikamkuta mama anachambua mboga. Nikamwambia yote. Hata hakuinua kichwa. "Ndiyo, ni kweli. Nimefika mji wa watu, niseme baba yangu alivua kwenye boti ya mtu? Nani angetuheshimu? Yule bibi nilijua hatasema, ndiyo maana nikakutuma. Lakini huyo kijana angekuoa, mngejua siku moja."

"Mama, uliniacha nimtukane mtu bure!"

"Chapisha nilivyokwambia," akasema, akaendelea na mboga zake.

Huyu ndiye mama niliyemwamini kuliko mtu yeyote duniani. Nina hasira naye sana. Maneno "mwenye boti" bado yako kwenye kompyuta yangu. Nikiyafuta, namwaibisha mama mbele ya kanisa zima. Nikiyaacha, Jumamosi nitayasoma kwa sauti wakati nyanya yake F yuko nyuma ya nyumba anatukaangia samaki, kama alivyofanya kwenye matanga. Na anayemleta na masufuria yake ni F. Bado hajaoa.

Msiniambie nisali, nimesali. Nishaurini ndugu zangu, siku hiyo nisimame nisome nini?