Mngurumo wa Kisimani

Lori limeondoka hapa Modogashe na kuacha harufu ya dizeli, nami namwona tena Baba wa utoto wangu, mikono myeusi kwa grisi, akiwasha injini ya kuvuta maji kisimani. Ngamia walikuwa wakisikia ule mngurumo wanakuja wenyewe kutoka porini.

Kisha zikaletwa paneli za sola badala ya injini. Maji yakajaa kimyakimya kwenye birika la mifugo, na ngamia hawakuja.

Baba akasimama juani, akaanza kunguruma kwa mdomo kama injini. Sisi watoto tulicheka.

"Aabo, wacha, watu wanakuangalia," dada yangu akamwambia Baba.

"Waangalie tu. Ngamia wana kiu."

Ngamia wakaja polepole, wamegeuza shingo wakiitafuta injini.

Lori limeshafika mbali. Mimi bado nimegeuza shingo.